Mshale Uliotulia

Mshale wa spidi ukicheza, wanasema mita imekufa. Ndivyo wanavyoniingilia hapa kibandani tangu asubuhi, madereva wa bodaboda, injini hata hawajaizima: "Mama Mishale, mita imekufa!" Imekufa wapi? Kitu kilichokufa kinacheza? Mshale unaruka kutoka thelathini hadi sitini, unarudi, unaruka tena, halafu mtu mzima na ndevu zake ananiambia mita imekufa. Ala! Nawajibu hivyo hivyo usoni na wao wanacheka, wamenizoea. Mtaa mzima unajua nina ulimi. Sikuununua, nimezaliwa nao.

Hasira nimerithi kwa mama, kazi nimerithi kwa baba. Baba alikuwa fundi saa, na saa zilipokosekana alitengeneza mizani za wenye maduka. Meza ninayofanyia kazi leo ni yake, na ile lenzi nyeusi ya kubana jichoni ni yake pia, ina alama ya meno upande mmoja, sijui alikuwa na hasira gani siku hiyo. Alinifundisha kushika springi ya saa kwa koleo ndogo nikiwa sijafikia urefu wa meza. Alikuwa ananisimamisha juu ya kreti la soda. Nikipumua kwa nguvu ananifinya, maana springi ile pumzi tu inaitosha kuipeperusha, ikidondoka sakafuni ndiyo buriani.

Kisha simu zikaingia. Kila mtu akawa na saa mfukoni. Saa za ukutani zikawa mapambo, mizani zikawa za betri, na mimi nikabaki na meza na lenzi. Watu wakanipa pole. Pole ya nini? Nilikuwa nimekasirika, sikuwa na msiba. Siku moja dereva mmoja akaniletea mita ya pikipiki ndani ya mfuko wa plastiki, akasema ameambiwa na fundi aitupe. Nikaifungua nione tu. Ndani nikakuta springi nyembamba kama unywele, imejikunja mduara, ile ile ya saa! Nikasema, kumbe wewe ni ndugu yetu. Tangu siku hiyo sijawahi kukaa bila kazi.

Mita yenyewe haina uchawi. Gurudumu la mbele linazungusha gea ndogo iliyo pale kwenye kitovu chake. Gea inazungusha waya mrefu uliopita ndani ya mpira. Waya unapanda mpaka kwenye usukani na kuzungusha sumaku, na sumaku ndiyo inayouvuta mshale. Basi. Ni watu wanaopokezana habari. Wa kwanza akiyumba, wa mwisho ndiye anayeonekana mlevi. Nimelisema hili mara ngapi? Mpaka mate yamenikauka.

Aliyekuwa halielewi kabisa, au halitaki, ni shemeji yangu. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, nimezihesabu. Amemuoa dada yetu mkubwa. Watu wanamwita Nyundo, na jina hilo hakupewa kwa kumwonea. Kitu kikikataa kutoka, nyundo. Kikikataa kuingia, nyundo. Lakini niseme haki ya Mungu, injini anaijua, na sikio lake ni la ajabu. Pikipiki ikipita barabarani anaweza kukwambia kuna nini ndani bila kuinua kichwa.

Tulikosana kwa sababu ya oili. Mteja akimpelekea mshale unaocheza, yeye anachomoa waya kule juu, anamimina oili ya injini mpaka inachuruzika, anaurudisha, anasema nenda. Siku mbili mshale unatulia na mteja anamsifu. Siku ya tatu waya unavyozunguka unaipandisha oili taratibu, inaingia kwenye mita, inalowesha kila kitu, na mshale unakwama. Sasa mteja anakuja kwangu na mita inayonuka kama kikaango. Moja, mbili, tatu. Ya tano nikaibeba mkononi, inadondosha, nikavuka barabara, nikaitua juu ya benchi lake mbele ya madereva wote.

"Shemeji," nikamwambia, "huu ni waya, si mtoto mchanga. Unaupaka mafuta mwili mzima ya nini?"

Akanitazama, akafuta mikono. "Shemeji, pikipiki si saa ya ukutani. Rudi ukatunge shanga zako."

Wakacheka wote. Damu ikanichemka mpaka masikioni.

"Na wewe hata yai ukipewa utalipiga nyundo ujue kama ni bichi!"

Hapo wakacheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Nyundo hakucheka. Tangu siku hiyo hatukusemeshana. Miezi mitatu! Tulikutana nyumbani kwa dada mkubwa, mimi nikala jikoni, yeye sebuleni. Dada mkubwa akawa mtu wa kubeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. "Mnanitia aibu, nyinyi wawili," alisema. Nikamwambia aibu amtie mumewe kwanza, mimi nitafuata.

Sasa nimseme mdogo wangu, maana haya yote niliyoyasema ni kwa ajili yake. Ni kitindamimba wetu, na ni mkunga. Zahanati ilimpa pikipiki ya kuwafuata kina mama huko juu milimani, ambako gari halifiki na barabara ni mawe matupu. Alijifunza kuiendesha akiwa na miaka thelathini na sita, na alijifunza kwa woga. Wenzake wanasikiliza injini, yeye anatazama mshale. Arobaini, basi. Hata mvua imfukuze, arobaini. "Mimi naendesha kwa macho, dada," huwa ananiambia. "Masikio yangu nayaweka kwa watoto wachanga."

Yeye kwa wagonjwa wake ni mkali kunishinda mimi. Mama mjamzito akificha kwamba miguu imevimba, anasomewa ile ya siku zote: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimemsikia akiisema kwenye simu, nimemsikia akiisema usingizini. Nilikuwa namcheka.

Basi Jumatatu moja asubuhi akanijia, akaegesha pikipiki mlangoni, uso umekunjamana.

"Dada, mshale unacheza. Sijui nakwenda thelathini, sijui sitini. Naogopa."

"Kaa hapo," nikamwambia, nikamsukumia kiti na kikombe cha chai. "Umekuja kwa mwenyewe."

Nikachomoa waya kwenye mita, nikaubana ncha yake kwa vidole na kuusokota. Ulizunguka laini, haukukwama popote. Nikautoa wote, nikaulaza sakafuni, nikautazama toka mwanzo mpaka mwisho kama umejikunja mahali. Haukujikunja. Nikaufuta grisi ya zamani, nikaupaka mpya kidogo, ile sehemu ya chini tu, juu nikaacha pakavu, kama inavyotakiwa. Nikaigeukia mita. Nina drili ndogo ninayoitumia kuzungushia mita mezani, inakwenda kwa mwendo mmoja bila kubadilika. Nikaifunga, nikawasha. Mshale ukapanda hadi hamsini, ukasimama pale pale. Nikaiacha dakika tano. Haukutikisika hata chembe.

Mita nzima. Waya mzima. Kilichobaki ni gurudumu. Ugonjwa uko chini, mimi niko kichwani napima homa. Nilijua. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu.

Kufungua gurudumu la mbele kunataka spana kubwa ambayo sina, na stendi ya kuinulia pikipiki ambayo sina. Vyote viko hatua ishirini kutoka hapo. Nikasimama mlangoni, nikamwona Nyundo amenipa mgongo, anagonga kitu. Ko, ko, ko. Nikasema moyoni, niende kwa yule? Nimwombe spana, anione nimeinama, halafu kesho madereva wote wajue Mama Mishale ameshindwa? Thubutu!

"Vipi, dada?" mdogo wangu akauliza. "Nakawia, nina kliniki."

"Tulia. Nakupa dawa."

Hapa sasa ndipo ufundi wangu uliponiponza, kwa sababu fundi mwingine yeyote asingeweza kulifanya kosa lile. Nyundo asingeliweza. Angeshindwa kuutuliza mshale, na kwa kushindwa kwake angeishia kufungua gurudumu. Mimi niliweza. Kwenye droo ya baba kuna kopo la grisi nzito, nyeupe ya kupenyeza mwanga, inanata kama asali ya baridi. Baba aliitumia kwenye mizani kubwa za maduka, ili mshale usiyumbeyumbe mteja akaanza kugomba. Nikachukua tone moja kwa ncha ya sindano, nikalitia pale mshale unapokaa kwenye ekseli yake. Tone moja, kazi safi, hakuna iliyomwagika. Nikafunga.

Mdogo wangu akazunguka mtaa mara moja, akarudi anacheka meno yote nje. Mshale umepanda polepole mpaka arobaini, ukatulia tuli.

"Dada, mikono yako ina dawa!"

"Nenda, mkunga, watoto wanakusubiri."

Nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri sana, na nikatazama ng'ambo ya barabara kuona kama Nyundo ameona.

Zikapita wiki mbili na siku kadhaa. Alhamisi, saa nne asubuhi, nina mita mbili mezani na lenzi jichoni, kivuli kikaingia mlangoni. Nikajua ni nani kwa harufu ya petroli. Sikuinua kichwa.

"Shemeji."

Nikazidi kukaza skrubu.

"Shemeji, nina neno."

"Neno lako kamwambie mkeo."

"Mdogo wako amepita sasa hivi, anapanda mlimani. Gurudumu la mbele linaunguruma. Nimempigia kelele asimame. Kapunguza kidogo, kaniambia dada ameshaitengeneza, mshale umetulia. Akaenda zake." Akaitazama meza. "Ulilifungua lile gurudumu?"

Mtu mwenye akili angejibu swali. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba amevuka barabara kuja kunipima, mimi, kwenye meza ya baba yangu.

"Umekuja kunikagua?"

"Nimeuliza tu. Ulilifungua?"

"Wewe wa kunifundisha kazi, wewe? Mmwaga oili! Umeharibu mita ngapi mtaa huu, nazisafisha mimi, leo unakuja kusimama mlangoni kwangu na kuuliza umefungua, hujafungua? Toka! Toka kabla sijakurushia hii meza!"

Meza sikuirusha, nilirusha kopo. Lilimpiga begani. Aliliokota, akaliweka taratibu kwenye ukingo wa dirisha.

"Haya," akasema. "Lakini beringi haisikii matusi, shemeji."

Akaondoka. Nikabaki nahema. Nikashika bisibisi, skrubu ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Mara ya tatu nikaiacha pale pale sakafuni, mimi niliyefundishwa kushika springi juu ya kreti la soda. Beringi. Gurudumu linaunguruma. Beringi, zile gololi za kitovuni, zikilika, gurudumu linakuwa na nafasi, linacheza kushoto na kulia, gea inashika na kuachia, na mshale unacheza. Na mshale ulikuwa unacheza! Ulikuwa unapiga kelele zote unazoweza, na mimi nikaugandisha mdomo.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Akiwa anaendesha hapokei, na aliyemkataza kupokea ni mimi mwenyewe, nilimgombeza mpaka akalia.

Zile hatua ishirini zilizonishinda miezi mitatu nilizimaliza nikikimbia. Kiatu kimoja kilibaki katikati ya barabara.

"Washa pikipiki!" nikamwambia Nyundo.

"Ulilifungua?"

"Sikulifungua! Nilijua na sikulifungua! Washa!"

Aliwasha. Njia nzima mimi nilikuwa nagomba. Niligomba na mawe, niligomba na lori lililotuzuia, nikawagombeza mbuzi. Nilimwambia Nyundo anaendesha kama bibi harusi. Nyundo kimya. Ukimya wake ulinichoma kuliko tusi lolote, nikampiga ngumi mgongoni nikimwambia asinifanyie ubwana, aseme kitu. Akasema, "Shikilia vizuri, tunaingia kwenye kona."

Tulimkuta kona ya tatu baada ya daraja. Pikipiki imelala ubavu ndani ya majani, na yeye amekaa juu ya ukingo wa kalvati, ule mfereji unaopita chini ya barabara, mkoba wake wa kazi magotini, mkono wa kushoto ameupakata kwa mkono wa kulia. Wanawake wawili waliotoka shamba walikuwa wamesimama naye, mmoja anampepea. Alikuwa hai. Nilimwona yuko hai, na badala ya kumshukuru Mungu nikaanza kufoka, kwa sababu hofu kwangu inatokea kwa mlango huo huo mmoja.

"Wewe mtoto, umeitwa usimame, kwa nini hukusimama? Masikio unayo ya nini? Na nyinyi, mnampepea, mkono umevunjika, upepo utaunga mfupa?"

Mdogo wangu akainua uso. Ulikuwa wa kijivu, umejaa vumbi na jasho.

"Usukani ulikuwa unatetemeka tangu juzi," akasema, kwa sauti ndogo. "Mikono ikaniambia kuna kitu. Nikatazama mshale, umetulia. Nikasema basi ni uchovu wangu tu. Nikauamini mshale wako, dada."

Nikapiga magoti, nikaanza kumfuta vumbi usoni.

Nyundo alikuwa ameinama kwenye gurudumu la mbele. Alijaribu kulizungusha, likakataa. Alitia kidole pale kwenye kitovu, akakitoa, akaja kunionyesha. Grisi ilikuwa nyeusi, imechanganyika na unga wa chuma. Ndiyo beringi hiyo, imesagika mpaka ikawa pilipili. Ilikamata ghafla, gurudumu likagoma, na mtu wangu akaruka juu ya usukani akaangukia kiganja. Angekuwa anakwenda sitini tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kilichomwokoa ni woga wake wa arobaini. Ufundi wangu haukumwokoa.

Nilimsubiri Nyundo anitukane. Alikuwa na haki. Nilimtazama machoni nikimwomba kabisa anitukane. Alifuta kidole kwenye suruali yake.

"Tumpeleke hospitali," akasema.

"Hospitali baadaye," akasema mdogo wangu, na akasimama. "Kuna mama huko juu, chupa imepasuka tangu alfajiri, na ni uzazi wake wa kwanza. Shemeji, nipakie."

"Una wazimu?" nikamwambia. "Na mkono huo?"

Hapo ndipo alipokasirika, mara moja tu, na ndiyo mara pekee nimeiona hasira ya mama usoni kwake. "Mkono si umevunjwa na wewe? Basi nyamaza, unifunge."

Nikamfunga. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikaubana mkono kifuani pake na kufunga fundo nyuma ya shingo, naye akauma meno. Nyundo akampakia mbele yake, kama anavyopakiwa mtoto, wakapanda taratibu. Wale wanawake wakaenda zao. Nikabaki mimi na pikipiki.

Niliipiga teke. Nikaipiga tena kwa ule mguu usio na kiatu, nikaumia, nikatukana. Kisha nikakaa chini kwenye majani. Bisibisi ndogo huwa haitoki mfukoni mwangu. Nikafungua mita, nikatoa kioo, nikausukuma mshale kwa ukucha mpaka arobaini, nikauachia. Mshale mzima ukiuachia unaruka kurudi sifuri. Ule ulirudi polepole, polepole, unanata, umetii. Nikausukuma tena. Nilikaa pale nausukuma na kuutazama ukirudi mpaka jua likawa la utosini, na machozi yaliyokuwa yananitoka yalikuwa ya hasira, msidhani ni ya huruma.

Mtoto wa yule mama alizaliwa salama, wa kike. Mdogo wangu alikaa kando ya kitanda na mkono wake kifuani, akamwelekeza mama mkwe wa mzazi neno kwa neno: shika hapa, ngoja, sasa. Ndipo akakubali kupelekwa hospitali, jua limeshageuka.

Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Anaweza kushika usukani, maana usukani unashikwa kiganja kikitazama chini. Anaweza kushika kalamu, kikombe, mtoto wa mtu akiwa amelala. Kile asichoweza ni kukigeuza kiganja kile cha kushoto kikatazama juu. Kinafika nusu, kinagoma. Na kukinga mtoto kunataka viganja viwili vinavyotazama juu. Siku hizi anakwenda na mkunga kijana kutoka zahanati, kijana anakinga, yeye anasema. Watoto zaidi ya mia tatu walipita kwenye mikono ile. Hakuna wa kuongeza.

Hajawahi kunilaumu tena baada ya siku ile ya kalvati. Ningependa anilaumu. Nimemchokoza makusudi ili anilipukie, ananiuliza kama nimekula.

Kwa shemeji nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, mbele ya madereva wale wale. Nilimwambia: "Nilikosa. Ulisikia kwa sikio, nikakurushia kopo." Akaniambia, "Kopo lilikuwa tupu, shemeji." Wakacheka, nikawaacha wacheke. Tunasemeshana sasa, yaani tunagombana kila siku kwa sababu ya oili, lakini mita ikija kwangu na gurudumu halijafunguliwa, inavuka barabara kwenda kwake kwanza. Ile grisi ya baba niliichimbia shimo nyuma ya choo.

Juzi juzi kaja kijana mmoja, abiria yuko nyuma, ananiambia: "Mama Mishale, nitulizie tu huo mshale, nina haraka." Nitulizie! Nilitoka na kiti. Madereva wanasimulia mpaka leo jinsi abiria alivyokuwa wa kwanza kukimbia. Nilimsimamia yule kijana mpaka gurudumu likafunguliwa, na lilikuwa zima, ulikuwa ni waya tu umekauka. Akasema nimempotezea asubuhi yake. Nikamwambia ashukuru ni asubuhi tu.

Na mdogo wangu anakuja kila Jumatatu kabla ya kupanda mlimani. Siku ya kwanza aliporudishiwa pikipiki, beringi mpya, gea mpya, mita nimeiosha kwa petroli mpaka ikang'aa, aliniuliza swali moja.

"Ile dawa yako umeitoa yote?"

"Nimeitoa yote."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka, akatazama ng'ambo ya barabara, akaita: "Shemeji! Njoo unitikisie gurudumu."

Nyundo akaja, akalinyanyua la mbele, akalitikisa kushoto na kulia, akalizungusha, akainamisha sikio, akasema zima. Hapo ndipo alipopanda. Na ndivyo anavyofanya mpaka leo, kila Jumatatu, mbele ya mlango wangu. Mshale hautazami tena mpaka Nyundo aseme. Mimi huwa nashikilia kiti cha nyuma ili pikipiki isianguke wakati shemeji anatikisa. Sisemi kitu.